David Gill: Fundi wa saa aliyeinasa nyota ya mkia kwenye kioo

KATIKATI ya Oktoba 2024, anga ya magharibi ilipata mgeni. Nyota ya mkia iliyopewa jina Tsuchinshan-ATLAS ilionekana kwa siku kadhaa mara tu baada ya jua kutua, ikiwa imeinama karibu na upeo wa macho. Kwa mtu aliyesimama kwenye miinuko ya Keringet, Kuresoi Kusini katika kaunti ya Nakuru, kilichohitajika ni kuelekeza uso upande wa Kericho, kusubiri wekundu wa machweo ufifie, na kuomba mawingu ya Mau yasimfanyie inda.

Simu ya kawaida ya siku hizi ilitosha kuipiga picha. Ikiegemezwa kwenye kigingi cha ua isitikisike, kisha ikaachwa ikusanye mwanga kwa sekunde chache, picha hutoka. Lakini kazi yenyewe ina mitego yake. Keringet iko karibu mno na ikweta, hivyo jua huzama wima na giza huingia upesi. Nyota nayo huteremka wima vilevile wala haimngoji mtu. Karibu na upeo wa macho mwanga hulazimika kupenya hewa nzito yenye moshi, vumbi na unyevu, na sehemu kubwa hupotea njiani. Fauka ya hayo, dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Kamera ikiachwa wazi kwa muda mrefu bila kuifuata nyota, nuru iliyopasa kuwa nukta hugeuka mchirizi.

Tatizo hilo la mwisho ndilo alilolikabili mwanafalaki mmoja wa Uskoti katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1882. Namna alivyolitatua ilibadilisha mkondo wa elimu ya nyota duniani. Jina lake lilikuwa David Gill.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuondoa utata wa maneno. Wengi wetu huita kila kitu kiwakacho angani kimondo. Kimondo ni jiwe au chembe inayoungua ikiingia katika hewa ya dunia na kutoweka kwa nukta chache, au ikawa kubwa kiasi cha kufika chini, kama lile pande la chuma la Mbozi, Tanzania. Nyota ya mkia, au kometi, ni donge la barafu na vumbi linalolizunguka jua kutoka mbali sana. Likilikaribia jua, barafu hugeuka mvuke na kuunda mkia. Huonekana kwa siku, majuma, hata miezi.

Gill alizaliwa Juni 12, 1843 mjini Aberdeen. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mtengenezaji wa saa mwenye jina mjini humo, na matarajio ya nyumbani yalikuwa wazi: kijana angerithi duka. Wahenga walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na kwa Gill methali hiyo ilitimia kwa namna ambayo baba hakuitarajia. Katika Chuo cha Marischal mjini humo alifunzwa na James Clerk Maxwell, mmojawapo wa wanafizikia wakubwa wa karne ya 19, na moto uliowashwa darasani humo haukuzimika. Hakumaliza kwa kupata shahada. Alipelekwa Uswisi na Uingereza kujifunza ufundi wa saa, akarejea na kushika usukani wa biashara ya familia.

Lakini fundi wa saa anayetaka saa zake ziwe sahihi hana budi kuuliza usahihi wenyewe unatoka wapi. Enzi hizo jibu lilikuwa moja tu, nalo ni nyota. Gill alisaidia kuanzisha kituo kidogo katika Chuo cha King's mjini Aberdeen ambako kupita kwa nyota kulitumiwa kurekebisha saa za mji. Kisha akajipatia darubini yake mwenyewe na kuiundia mtambo wa saa wa kuizungusha taratibu ili ifuate mwendo wa anga. Mnamo 1869 alipiga kwayo picha nzuri ya mwezi.

Picha hiyo ilimfikia Bwana Lindsay, kijana tajiri aliyekuwa akijenga kituo cha falaki huko Dun Echt, karibu na Aberdeen. Mwaka 1872 akamwomba Gill awe mkuu wa kituo hicho. Mshahara aliotajiwa ulikuwa sehemu ndogo tu ya mapato ya duka la saa. Gill alikuwa na mke, Isobel, waliyefunga naye ndoa mwaka 1870. Mtu mwenye busara za kawaida angekataa. Yeye alifunga biashara akaenda, na Isobel hakumzuia.

Wawili hao wanastahili kutajwa pamoja kwa sababu kazi iliyompa Gill sifa yake ya kwanza ilikuwa ya wote wawili. Swali kuu la falaki wakati huo lilikuwa umbali kati ya dunia na jua, kwani bila kuujua umbali huo hakuna umbali mwingine angani unaoweza kutajwa kwa kilomita. Mwaka 1874 Gill alikuwa Mauritius katika msafara wa Lindsay wa kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Mwaka 1877 alipata njia aliyoiona bora zaidi: kuipima Mirihi inapokuwa karibu na dunia, mara moja inapochomoza jioni na mara nyingine inapokaribia kutua alfajiri. Katika saa hizo chache dunia huwa imemsafirisha mtazamaji maelfu ya kilomita bila yeye kuondoka kitini, na tofauti ndogo ya mahali sayari inapoonekana ndiyo ufunguo wa hesabu. Mbinu hii hufaa zaidi karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia humpeleka mtu mbali zaidi. Ndiyo maana Gill na mkewe walikwenda kwenye Kisiwa cha Ascension, katikati ya Bahari ya Atlantiki.

Walipofika walikuta wingu likitanda kila usiku juu ya makazi yao. Walitembea gizani juu ya miamba ya volkano kutafuta mahali wingu linapokomea, na hatimaye wakahamisha vyombo hadi pwani ya kusini, kwenye ghuba ambayo tangu hapo imeitwa Mars Bay. Isobel aliandika kitabu kuhusu miezi sita ya maisha yao huko, ambacho kilichapishwa mwaka 1878. Hesabu ya mumewe ilitoa umbali wa jua ambao ulikosea chini ya nusu ya asilimia.

Mwaka 1879, Gill aliteuliwa kuwa mwanafalaki wa serikali ya Uingereza katika Rasi ya Tumaini Jema, Cape Town. Alikuta kituo kilichochoka na vyombo vilivyopitwa na wakati. Kulikuwa pia na kasoro kubwa zaidi, isiyomhusu yeye peke yake. Anga ya kaskazini ilikuwa imeorodheshwa vizuri na Wajerumani wa Bonn, ilhali ile ya kusini, inayotazamwa na nusu ya Afrika, ilikuwa kama nchi isiyo na ramani.

Februari 1880 mkia mrefu wa kometi ulionekana kutoka kusini mwa dunia, jioni baada ya jua kutua, kichwa chake kikiwa kimefichwa chini kwenye mwanga wa machweo. Gill alikuwa miongoni mwa walioufuatilia. Hakuna picha iliyopigwa Cape. Vioo vya kupigia picha vya wakati ule vilipasa kupakwa dawa na kutumiwa vikiwa vingali vibichi. Vikikauka, kazi imeharibika. Hilo lilimaanisha dakika chache tu za kuikusanya nuru, nazo hazikutosha kwa kitu hafifu kilicho chini angani.

Miaka miwili ilitosha kubadili hali hiyo. Vioo vikavu vya jelatini viliingia madukani, navyo viliweza kuachwa wazi kwa saa nzima au zaidi. Mwaka 1881 wanafalaki wa Paris na New York walikuwa tayari wamevitumia kupiga picha ya kometi. Kwa hiyo si kweli, ijapokuwa husemwa mara kwa mara, kwamba Gill ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Upekee wake uko kwingine.

Alfajiri ya Septemba 8, 1882, msaidizi wake, William Finlay, aliiona kometi mpya. Siku chache baadaye ilikuwa iking'aa kiasi cha kuonekana mchana kweupe. Alasiri ya Septemba 17, Finlay na Mmarekani William Elkin waliifuata kwa darubini jua likiwa linaelekea magharibi, ikilisogelea duara la jua, mpaka ikafika ukingoni na kutoweka ghafla machoni pao. Ilikuwa imepita mbele ya jua bila kuacha hata doa. Kometi hiyo ilipita umbali wa chini ya kilomita nusu milioni kutoka uso wa jua, na kiini chake kikapasuka vipande vipande. 

Mnamo Oktoba ilikuwa ikichomoza kabla ya mapambazuko na mkia wake ukiwa umesimama juu ya upeo wa mashariki. Wapiga picha wa kawaida wa Cape walijaribu kuipiga kwa kamera zao, na baadhi walimletea Gill matokeo. Picha zilikuwa na dosari ileile ya mchirizi. Gill alitambua mara moja kilichokosekana. Watu hao walikuwa na lenzi nzuri na ujuzi wa dawa, ila hawakuwa na mtambo wa kuifuata nyota. Yeye alikuwa na mtambo, ila hakuwa na uzoefu wa vioo vipya.

Akamwita mpiga picha wa Mowbray, kitongoji kilicho jirani na kituo, aitwaye Allis. Kamera yenyewe haikuwa ya ajabu. Lenzi yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Ross ya London, ilikuwa na upana wa inchi mbili na nusu tu, aina iliyotumiwa kupigia picha za watu. Waliifunga juu ya darubini ya kituo. Allis alishughulikia vioo na dawa. Gill aliweka jicho kwenye darubini na kuhakikisha kichwa cha kometi hakiondoki kwenye nyuzi za katikati. Mtambo wa saa ulizungusha chombo kufuata nyota, lakini kometi ina mwendo wake yenyewe miongoni mwa nyota, hivyo ilimbidi Gill arekebishe kwa mkono, kidogo kidogo, pasipo kupumzika.

Kati ya Oktoba 19 na Novemba 15, walipata picha sita. Fupi zaidi ilichukua nusu saa. Ndefu zaidi ilichukua takriban dakika 140, muda ambao leo mtu angekuwa ametoka Nakuru mjini hadi Keringet kupitia Molo na kupata nafasi ya kunywa chai.

Vioo viliposafishwa, kometi ilikuwapo, na mkia wake ulikuwa wa kupendeza. Lakini kilichomshangaza Gill kilikuwa nyuma yake. Kupitia mkia ule ule zilionekana nyota, nyingi kuliko alivyotarajia, kila moja ikiwa nukta safi. Lenzi ya kupigia picha za bibi harusi ilikuwa imeandika anga kwa uaminifu ambao mtu anayehesabu nyota moja moja kwa jicho hangeweza kuufikia kwa miaka. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: ramani ya kusini inaweza kupigwa picha.

Gill alituma nakala Ulaya. Mjini Paris, Amirali Mouchez, mkuu wa kituo cha falaki, alivutiwa mno, na ndugu wawili Paul na Prosper Henry wakaunda darubini maalum ya kupiga picha. Aprili 1887, wataalamu zaidi ya 50 kutoka nchi mbalimbali walikutana jijini humo na kuazimia kupiga picha anga nzima, wakigawana kazi baina ya vituo vya kaskazini na kusini. Mradi huo, Carte du Ciel, ulikuwa mkubwa kupita kiasi na haukukamilika kama ulivyopangwa.

Ule wa Gill mwenyewe ulikamilika, na hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Alianza mwaka 1885 kupiga picha anga ya kusini kwa msaada wa fedha za Royal Society. Mwaka 1887 msaada huo ulikatwa. Wakubwa wa falaki nyumbani Uingereza waliona kuwa mradi wa Paris ungeufunika huu, hivyo ya nini kulipia kitu kimoja mara mbili? Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini Gill alijua kwamba mpango wa Paris ungechukua miongo mingi, na kwamba orodha ya kufaa kazi ilihitajika sasa. Aliamua kulipa kutoka mfukoni mwake, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya mshahara wake ilikwenda kwenye vioo, dawa na ujira wa msaidizi. Hili lilikuwa mara ya pili kwake kuchagua nyota badala ya fedha, na safari hii hakuwa kijana tena.

Kupiga picha ni jambo moja. Kupima mahali pa kila nyota kwenye mamia ya vioo ni jingine. Desemba 1885 barua ilitumwa kutoka Uholanzi. Jacobus Kapteyn, profesa kijana wa Groningen ambaye chuo chake hakikuwa na darubini, alijitolea kuifanya kazi hiyo ya kupima. Alipewa vyumba viwili katika maabara ya mwenzake wa fiziolojia, na humo alitumia zaidi ya miaka kumi akipima nyota ambazo hangeweza kuziona kamwe akiwa nyumbani kwake. Orodha yao ilichapishwa kati ya 1896 na 1900, ikiwa na nyota 454,875. Katika shughuli hiyo iligunduliwa nyota yenye mwendo wa kasi angani kuliko zote zilizojulikana wakati huo, ambayo hadi leo huitwa Nyota ya Kapteyn. Si haba kwa profesa asiye na darubini.

Kuhusu vyeo na nishani, inatosha kusema kwamba Gill alivipata. Alitunukiwa medali ya dhahabu ya Royal Astronomical Society mara mbili, na mwaka 1900 akapewa hadhi ya Sir. Kipimo kipya cha umbali wa jua alichokifanya kwa kutumia sayari ndogo Iris, Victoria na Sappho mnamo 1888 na 1889 kilitumiwa katika vitabu vya falaki hadi miaka ya 1960. Kituo chake cha Cape ndicho leo makao makuu ya South African Astronomical Observatory, taasisi inayosimamia kilima cha Sutherland. Darubini ya ATLAS iliyoko kilimani humo ndiyo iliyoitambua kometi ya 2024 mnamo Februari 2023, sambamba na kituo cha Purple Mountain cha Uchina.

Kuna upande wake mwingine ambao Afrika Mashariki haina budi kuutazama kwa macho mawili. Tangu miaka yake ya mwanzo Cape, Gill alikuwa na ndoto ya kupima mstari mmoja wa ardhi kutoka Cape hadi Cairo, ukifuata longitudo ya 30, ili kujua umbo halisi la dunia. Kazi hiyo hufanywa kwa pembetatu zinazoungana kutoka kilele hadi kilele, na mahali pa kila mnyororo huhakikishwa kwa nyota. Kisayansi lilikuwa jambo la maana. Kisiasa, mnyororo wa mpimaji ulitembea bega kwa bega na bendera ya mkoloni. Miongoni mwa waliouunga mkono mradi huo kwa fedha alikuwamo Cecil Rhodes, na wenyeji wa vilele vile hawakuulizwa lolote. Ramani nzuri ilimfaa mwanasayansi, na ilimfaa pia yule aliyekuwa akigawa ardhi ya watu.

Gill aliondoka Cape mwaka 1906 afya yake ikiwa imedhoofika, akahamia London. Hakuuacha mradi huo. Alihimiza fedha zichangwe ili wapimaji waliokuwa wakishughulikia mpaka wa Uganda na Kongo watumie nafasi hiyo kupima kipande cha Uganda, na mnamo 1908 na 1909 kilipimwa, kikivuka ikweta magharibi mwa nchi hiyo. Mwaka 1913 alichapisha historia ya kituo chake cha Cape. Alifariki kwa homa ya mapafu Januari 24, 1914, akazikwa Aberdeen katika uwanja wa kanisa la St Machar.

Kipande cha Tanganyika kilipimwa miaka ya 1930. Pengo la mwisho, nchini Sudan, lilizibwa mwaka 1954, miaka 40 baada ya kifo chake. Kutokana na mlolongo huo ulipatikana mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao ramani za uso wa nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zilijengwa juu yake. Katika nyingi ya karatasi za Survey of Kenya, pamoja na zile zinazoonyesha mito na misitu ya Mau, neno hilo Arc limechapishwa kwa herufi ndogo kwenye ukingo wa chini, mahali ambapo wasomaji wachache wa ramani hutupa jicho.